Jembe Lililorudishwa Bila Neno

Mwanangu Eunike,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Hali yako naijua. Umetoka mlangoni saa tisa hivi, umevaa viatu vipya ili vizoee miguu kabla ya safari ya kesho, umekwenda kuwaaga watu wa upande wa pili wa barabara. Hali yangu ndiyo usiyoijua, na ndiyo iliyonikalisha hapa. Nimeketi kwenye benchi la zahanati, kwa kuwa leo Jumapili hakuna mgonjwa, na meza ya nyumbani umeijaza nguo.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala za kukumbuka kula. Chuoni wamekufundisha zaidi ya niliyofundishwa mimi, na yaliyobaki utayajua ukiyakosea mara mbili. Nataka kulijibu swali uliloniuliza jikoni, siku ya tatu baada ya kumzika baba yako Nehemia.

Unaikumbuka siku ile. Shangazi yako alikuwa anaosha vyombo na akina mama wengine, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mimi ndiye niliyemrudishia kaka yake posa wakati wa usichana wangu, bila neno hata moja, na kwamba kama si mimi angekaa na mke miaka ishirini badala ya minane. Ukaingia jikoni. "Ni kweli, Mama?" Nikasema ni kweli. "Kwa nini?" Nikakujibu kwamba sina la kukwambia. Ukasema, "Basi na mimi sina," ukachukua ndoo ukaenda kisimani.

Tangu siku ile hujaninyima heshima. Shikamoo yako ya asubuhi sijaikosa, wala maji ya kuoga jioni. Ila hunisimulii kitu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanisimulia mpaka ndoto za jirani. Tena ulipokuja likizo ya mwisho, nikiwa nafagia chumbani kwako, niliiona fomu yako ya kuomba kituo cha kazi. Ulikuwa umeandika Kilosa mahali pa kwanza, kisha ukaikata kwa mstari, ukaandika kijiji cha pwani ambacho hata kondakta wa basi nilipomuuliza alikuwa hajakisikia. Nikairudisha fomu pale pale. Sikukuuliza. Kumbuka kwamba sikukuuliza, nitalirudia mbele.

Jikoni sikukujibu kwa sababu jibu halikuwa mali yangu. Lilikuwa la mama mmoja ambaye nilimzalisha. Juma lililopita nilikwenda kwake, nikamwomba ruhusa. Akafikiri huku akipepeta mchele, kisha akasema, "Mwambie. Anakwenda kuwa mkunga, inampasa ajue. Ila jina langu usiliweke kwenye karatasi." Kwa hiyo jina lake hutalikuta humu, na ukilikisia, libaki kwako.

Sasa nikueleze tangu mwanzo.

Mwaka uliofuata Uhuru nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshuka kutoka milimani na cheti cha ukunga cha misheni, nimepewa kazi Kilosa mjini na baiskeli ya kuzungukia vitongoji. Nehemia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jioni, mara tatu kwa wiki, alikwenda bondeni, ng'ambo ya Mto Mkondoa, kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Siku zile kila mtu alitaka kuandika jina lake mwenyewe. Watu walikuwa wamepiga kura kwa alama ya kidole, na baada ya Uhuru kidole kile kiliwatia aibu. Wakulima walikuja darasani na matope miguuni, wengine wamebeba watoto. Nehemia alikuwa anarudi amechoka na anacheka, ananieleza nani ameandika herufi kinyumenyume na nani amevunja kalamu tatu kwa kukandamiza.

Alikuwa ameleta posa. Unajua desturi ya kwetu milimani: barua ya baba yake, na jembe jipya lisilo na mpini, limefungwa kitambaa cheupe. Jembe halina maana ya kununua mtu, kama wengine wanavyodhani. Maana yake ni kwamba anayelileta anaomba kulima na wewe. Baba yangu alilipokea akalisimamisha kwenye pembe ya chumba cha mbele. Kila nilipokwenda kusalimia nyumbani, nilikuwa napita chumba kile bila shughuli yoyote, nilione tu.

Siku moja asubuhi mwanamume mmoja wa bondeni alinijia mbio. Mke wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri ya jana, mimba ya kwanza, na mtoto hatoki. Nilimkuta mama yule mkekani, midomo imemkauka. Mama mkwe wake na bibi wawili walikuwa wamemzunguka. Hawakuwa watu wabaya, Eunike. Nataka ulielewe hilo, maana wenzao utawakuta huko uendako, labda kwa desturi nyingine. Hawa waliamini kwamba uchungu ukikwama, mama anaficha jina la mwanamume asiye mume wake, na mtoto hapiti mpaka jina litajwe. Waliamini hivyo kwa sababu walikuwa wamezika, na mtu aliyezika hutafuta sababu.

"Sema," mama mkwe alimwambia. "Litaje tu, mtoto apite. Hatutakupiga."

"Hakuna, Mama."

"Mke wa kwanza wa nyumba hii alisema hivyo hivyo. Kaburi lake ulilipita ukija."

Mimi nilikuwa nanawa mikono kwenye beseni. Ningewatoa nje kwanza. Lakini nilikuwa na umri wa wajukuu wao, na nilikuwa nimefundishwa kwamba mikono ndiyo ya kwanza, kwa hiyo niliendelea kusugua kucha zangu kama chuoni. Nikiwa bado na sabuni hadi viwikoni, nyuma yangu mama yule akasema, "Mwalimu Nehemia."

Alisema taratibu, kama mtu anayeitika akiitwa.

Nilisuuza mikono. Nikapiga magoti, nikampima. Sijui nilifanyaje, ila mikono ilikuwa imefundishwa vizuri kuliko moyo. Chini ya kitovu, mbele ya kichwa cha mtoto, nikagusa kitu cha mviringo, kigumu kama boga. Kilikuwa kibofu. Tangu jana jioni walikuwa hawajamruhusu kwenda haja ndogo, wakihofia mtoto atatokea huko huko chooni. Nikatumia mpira mwembamba wa kutolea mkojo, beseni dogo nililokuja nalo likajaa, na kikombe juu yake. Kichwa kikashuka mkono wangu ukiwa pale pale. Haikupita saa moja na nusu, mtoto wa kike akalia.

Bibi mmoja akanigusa bega. "Umeona, nesi? Jina limefungua njia."

Nikamwonyesha beseni. Nikamweleza kwa utulivu kabisa kwamba kibofu kikijaa hukaa mbele ya mtoto kama mtu mnene aliyeketi mlangoni, na kwamba ukimwondoa mtu huyo, njia ni ile ile iliyokuwepo siku zote.

"Mkojo?" alisema. "Mkojo tunao wote, binti yangu. Mbona sisi tulizaa?" Wakacheka wote watatu, kwa furaha ya mtoto.

Kabla sijaondoka niliwawekea mikono yao juu ya mtoto, na wangu juu ya yao, nikawaapisha. Lililosemwa humu ndani linabaki humu ndani. Likitoka, mimi sitakanyaga tena kitongoji hiki, hata aje nani kuniita. Wakakubali, kwa kuwa walishaiona kazi yangu. Mume alikuwa uani, anapasua kuni zisizohitaji kupasuliwa. Hakuambiwa neno, hajaambiwa mpaka kesho. Hilo ndilo jema nililolifanya siku ile, na sijalijutia.

Sasa sikiliza kosa. Nilipanda baiskeli. Muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwa nimemweleza bibi wa watu habari ya kibofu kwa ufasaha, tena nikamhurumia kwa ujinga wake. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu na kugusa kwa mkono wangu kilichomzuia yule mtoto. Kwa hiyo nilijua kwamba jina lile halikufungua chochote, lilikuwa limekamuliwa tu kutoka kwa mtu aliyeumizwa. Na bado, kabla sijafika darajani, nilikuwa naliamini. Bibi yule aliamini kwa sababu hakusoma. Mimi nilisoma, nikaamini, na sababu yangu mpaka leo sijaijua vizuri. Nilikumbuka kwamba Nehemia aliwahi kunisifia mwanafunzi wake mmoja, mke wa mtu, anayeandika upesi kuliko wanaume wote. Nilikuwa nimecheka aliponiambia. Sasa kicheko chake na changu vikageuka ushahidi vyote viwili.

Jumamosi nilipanda kwa baba yangu, nikamwomba alirudishe jembe. Akaniuliza nini cha kumwambia kijana wa watu. Nikamwambia asiseme neno. Baba alikuwa mtu mpole. Akadhani nimeona jambo la aibu, akamtuma kaka yangu. Kaka alinisimulia baadaye. Nehemia alilipokea kwa mikono miwili, akafungua kitambaa, akalikagua bamba la jembe upande huu na upande huu, kana kwamba anatafuta ufa. Akauliza, "Damari amesema nini?" Kaka akajibu kwamba sijasema. "Basi nitangoja aseme," akasema Nehemia.

Alikuja mara moja tu kazini kwangu. Alipanga foleni na wagonjwa, kati ya mama mwenye mtoto wa surua na mzee wa kikohozi, akasogea benchi kwa benchi asubuhi nzima. Zamu yake ilipofika nikamuuliza kama ninavyouliza watu wote, "Unaumwa nini?"

"Siumwi," alisema.

"Basi mpishe mwenzako."

Akampisha. Maneno mengi nimeyasahau maishani, Eunike, hata mengine mazuri niliyoambiwa. Hayo matatu nimebaki nayo. Shule ilipofungwa aliomba uhamisho, akapelekwa mbali kusini, na sikumwona tena kwa miaka kumi na miwili.

Mwaka huo huo niliolewa na baba yako mzazi. Nimekusimulia mengi mazuri juu yake, ya reli, ya filimbi aliyokuwa anakupulizia ukilia, na yote ni kweli. Ambalo sikukwambia ni kwamba nilimkubali upesi mno, kama mtu anayefunga mlango kwa kuogopa baridi. Alikuwa mwema kwangu, nami nilimpikia, nilimfulia, nilimuuguza homa yake ya mwisho kwa uaminifu, na hakuna siku niliyomtazama jinsi nilivyokuwa nalitazama jembe lile. Alistahili zaidi. Hili nakuandikia kwa sababu yeye hawezi tena kunilaumu, na kuna mtu inampasa alijue.

Ulikuwa na miaka kumi, yeye tumekwisha kumzika, serikali ilipotuleta hapa kijiji kipya. Wewe unakumbuka lori, na kuku aliyeruka Mikumi mkamkimbiza. Mimi nakumbuka mistari. Bwana mmoja alikuwa amechora barabara kwa majivu porini, nyumba huku, nyumba kule, na watu wa bondeni, wa milimani na wa kando ya reli tukaambiwa hapa ndipo kwetu. Wapo waliokuja kwa kupenda. Wapo waliokuja baada ya kuona mapaa ya nyumba zao yamebomolewa. Tulilima pamoja shamba la kijiji, na tembo wakalila pamoja, na hivyo ndivyo tulivyozoeana. Zahanati hii ilikuwa banda la mbolea. Nilipoambiwa mwalimu mkuu wa shule mpya amefika nimpelekee orodha ya watoto wa chanjo, nilikwenda na daftari langu, nikamkuta Nehemia amepanda juu ya paa anafunga kenchi.

Akashuka, akapangusa mikono. "Nesi," alisema, "habari za kazi?" Nikasema nzuri, Mwalimu. Akasaini orodha. Hakuwa ameoa. Nilirudi nikiwa nimesahau kalamu yangu kwake, na kesho yake ulinirudishia wewe, imefungwa kwenye karatasi ya daftari isiyo na maandishi.

Siku ya kwanza ya shamba la kijiji niliona jembe mkononi mwake. Lilikuwa limelika mpaka likabaki nusu. Bibi mmoja mcheshi wa mstari wetu alimwambia, "Mwalimu, hilo ni jembe au kijiko?"

"Kijiko, Bibi. Kwani kinacholisha watu ni nini?"

"Serikali haikupi jipya?"

"Nimelizoea hili. Nilipewa mara mbili."

Watu wakacheka bila kuelewa. Mimi niliinama nikapalilia mpaka nikang'oa na mahindi.

Na mama yule pia alikuwa ameletwa hapa, na mume wake, na mama mkwe wake aliyekuwa sasa haoni. Mwisho wa mwaka ule nilimzalisha mtoto wake wa mwisho, humu humu ndani, kitanda kile cha dirishani. Alizaa kwa wepesi. Hakuna aliyemkazania, tulikuwa wawili tu. Nilipokuwa namfunika, akaushika mkono wangu.

"Nesi, mwalimu huyu hajawahi kunigusa. Wala yeye, wala mwingine."

Nikamuuliza kwa nini basi alimtaja.

"Nilisema hakuna mpaka nikachoka. Nikaona nitakufa nikisema kweli. Nikatafuta jina la mwanamume yeyote, na aliyenijia ni yule aliyekuwa ananiita kwa jina langu. Nyumbani nilikuwa mke wa fulani. Darasani aliita jina langu, nami nikaitika. Nikadhani mtu mwema, jina lake likitajwa, halimdhuru."

Hakujua kwamba Nehemia alikuwa amenichumbia. Nilipomwambia, alijifunika uso kwa khanga. Kisha akaniomba jambo: nisiseme. Mume wake ni mtu wa mashaka, angeuliza, kama alisema jina moja la uongo, alisema na mangapi mengine. Nikamwahidi. Kwa hiyo nilitoka humu nikiwa najua kila kitu, na nimefungwa mdomo upya.

Nilikwenda shuleni watoto walipokwisha kutawanyika. Nikamkuta anafuta ubao. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikayakosa yote, nikasema, "Nilikukosea, na sababu siwezi kuisema."

Aliendelea kufuta. "Ni siri ya mtu?"

"Ndiyo."

"Basi itunze," alisema. "Nilikwambia nitangoja. Nitaisikia siku utakayoweza."

Mvua moja ikapita, tukavuna. Halafu akaja nyumbani jioni, wewe ukiwa unachambua maharage, amelishika jembe lililolika, ameling'oa mpini na kulifunga kitambaa kilichofuliwa. Akaniambia, "Limekwisha kidogo, lakini ndilo lile." Wewe ukauliza mbona anatupa jembe bovu. Alicheka mpaka akaketi. Nililipokea, na safari hii sikumpa mtu mwingine alipeleke popote. Ni hilo lililoko nyuma ya mlango, mpini wake bado unang'aa pale alipokuwa anashika.

Ile miaka minane huhitaji nikueleze, ulikuwemo. Ulimwita Mwalimu mwaka mzima, kisha siku moja ukateleza ukamwita Baba, naye akajifanya hakusikia, usione haya. Usiku ule alinisimulia mara mbili.

Sasa sehemu usiyokuwepo. Ulikuwa chuoni alipoanza kuvimba miguu. Hospitali walimpa dawa, wakanieleza kwa ukweli kwamba moyo umechoka, nikamleta nyumbani. Mama yule alisikia. Alikuja mchana, amevaa khanga za kanisani ingawa yeye si wa kanisa, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda. Nilitaka kutoka, akanizuia. Akamsimulia yote mwenyewe, mkeka, bibi watatu, jina, bila kupunguza. Nilikuwa namtazama Nehemia. Alisikiliza kama alivyokuwa anasikiliza watoto wakisoma, bila kumkatiza.

Alipomaliza, Nehemia akamwuliza, "Bado unaandika jina lako?"

"Ninaandika, Mwalimu."

"Upesi kama zamani?"

"Macho yamepungua, ila ninaandika."

"Vizuri," alisema. "Ulikuwa na maumivu, mama. Maneno ya kwenye maumivu sisahihishi."

Akaondoka analia. Nilibaki nimesimama mlangoni, nikidhani sasa mzigo wetu wote umetuliwa. Nikaketi pale alipokuwa ameketi. Ndipo Nehemia akaniambia, kwa upole, hata sauti hakuipandisha:

"Damari, ungeniuliza tu."

Nikamwambia juu ya kiapo. Nilimweleza kwa urefu, unanijua ninavyoeleza. Akangoja nimalize.

"Kiapo kilikukataza kumtaja mtu," alisema. "Hakikukukataza kuuliza. 'Nehemia, una mwanamke mwingine?' Maneno manne. Humo kuna jina la nani?"

Miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimejihesabu kuwa mtu aliyeumia kwa kutunza siri ya mwenzake. Nilikuwa najipa heshima hiyo kila siku. Na pale kwenye kigoda niliona kwamba siri nilitunza kweli, lakini nyuma yake nilikuwa nimejificha mimi. Nikamwambia lililokuwa kweli: "Niliogopa ungesema ndiyo."

"Najua," alisema. Kisha akaniomba nimpashie uji.

Hatukulizungumza tena. Alikaa majuma mawili mengine. Kuna jioni nilidhani anataka kulirudia, kumbe alitaka nimgeuze upande. Uji ule hakuumaliza, na mara nyingi nikipika uji ninawaza kama ulikuwa na chumvi nyingi, jambo la kijinga kabisa la kuwaza kwa mtu wa umri wangu. Sijui alikwenda akiwa ananihurumia au amechoka nami. Hilo nalo sikumwuliza.

Kwa hiyo shangazi yako hakusema uongo. Miaka kumi na miwili nilimnyima mimi. Wala si mama yule, wala si bibi wale, wala si kiapo. Utakapokuwa mkunga utasikia mambo mengi yakisemwa na watu walio katika maumivu, na utayabeba peke yako, maana kazi yetu ndivyo ilivyo. Sina kanuni ya kukupa. Mimi nilikuwa na kanuni, nikaitumia vibaya.

Sasa nirudie fomu. Nilipoona umeikata Kilosa, nilijua lipo swali la kukuuliza, nikalijua na maneno yake. Nilikuwa nalo jana ulipokuwa unapiga pasi gauni lako la kazi, nikasema habari za makaa. Nilikuwa nalo leo ulipokuwa unafunga viatu. Nimeanza barua hii nikikusudia kuliandika hapa chini kabisa, ulisome kesho treni ikiwa imeshapita Kimamba, mahali ambapo jibu lako lisingenifikia. Nimeona sasa hivi, nikiwa na kalamu mkononi, kwamba hilo ni lile lile la kwenye foleni. Nilikuwa nataka kukuambia umpishe mwenzako.

Swali ni hili: unakwenda kazini, au unanikimbia mimi?

Nakusikia huko barabarani. Mama mwenye duka anakutania kwamba viatu vinakutembeza kama bata, nawe unamjibu kwamba bata ndiye anayejua kuogelea na wewe unakwenda baharini. Anacheka. Umesimama, unamwamkia mtu mzima, unasubiri akuitikie. Sasa unakuja.

Karatasi hii nitaitia sandukuni chini ya gauni lako. Utakapofika mstari huu nitakuwa nimekwisha kukuuliza kwa mdomo wangu, hapa kwenye benchi, wewe umeketi karibu yangu unavua viatu. Nitakuwa nimelisikia jibu lako. Hata likiwa ni lile ninaloliogopa, utakuwa umelisema nami nikiwepo.

Mama yako,
Damari